Mwanya wa Karatasi Moja

Nakumbuka Jumanne moja ya Desemba, mwanangu, mawingu yameinama juu ya Kensington, hapa Johannesburg, kama watu wanaochungulia kisimani, nilipoona mti uliokufa ukinywa maji.

Usinicheke. Nitakusimulia kwa utaratibu, kwa maana jambo la ajabu likisimuliwa mbio huonekana uongo. Nawe keti vizuri, hiyo simu iweke chini kidogo. Haitakimbia.

Wakati huo nilikuwa kijana, labda nimekupita kidogo tu kwa umri. Nilikuwa nimetoka Uvira, mashariki ya Kongo, nikiwa na nguo nilizovaa na ufundi wa baba yangu mikononi. Baba alikuwa fundi wa milango na vitanda. Alikuwa na kipimo chake kimoja ambacho mji mzima ulikijua: akimaliza kuunganisha mbao mbili, alimwaga maji juu ya kiungo na kusubiri. Maji yakipenya, ule ubao ulikwenda jikoni kuwa kuni, hata kama umemchukua wiki nzima. "Mwanya ni aibu ya fundi," alikuwa akisema. Nimekua na neno hilo kama wengine wanavyokua na jina la ukoo.

Hapa Johannesburg nilianza kwa kutengeneza viti vya saluni za Wakongo wenzangu na kuviuza vingine Newtown, sokoni. Siku moja alipita mzee mfupi mwenye kofia nyeupe, akakipindua kiti changu chini juu, akavitazama viungo vyake kwa muda mrefu. Kisha akapitisha ukucha.

"Umekiunganisha kwa gundi gani?" akaniuliza.

"Hakuna gundi, Mzee."

"Umetoka wapi?"

"Uvira."

"Ndiyo maana viatu vinang'aa kuliko kiti," akasema. "Nyie Wakongo! Njoo kesho Kensington, nina kazi ya mti."

Huyo ndiye Mzee Mbwana, Mtanga aliyekuja nchi hii zamani kabla hata baadhi yetu hatujajua kwamba iko. Alikuwa fundi bunduki. Leseni yake ilitundikwa ukutani ndani ya fremu, na duka lake, lenye nondo mlangoni na sefu kubwa kuliko kitanda, lilikaa kwenye barabara kuu karibu na mshona mapazia. Wawindaji walimletea bunduki zao, na wenye mashamba, na walinzi wa wanyama. Nyingi zilikuwa za zamani, zilizotengenezwa Ulaya kwa ajili ya askari wa vita ambavyo vimeshakwisha, zikaagizwa huku, zikabadilishwa hiki na kile ili zifanye kazi nyingine.

Nilipojua ni kazi gani, nilikataa. Kwetu, mwenye bunduki ndiye aliyeuliza na sisi ndio tuliojibu. Nimelala porini kwa sababu ya bunduki. Nimemwona baba yangu, mtu aliyekuwa hainami kwa mtu, akiinama. Nilimwambia Mzee Mbwana, mimi hicho kitu sikigusi.

Hakunibembeleza. "Kaa tu," akasema, "utazame." Akaiweka bunduki moja mezani, akaifungua kipande kwa kipande, akavipanga juu ya kitambaa: bomba la chuma, springi, skrubu chache, kipande cha kukokea, na mti wa kuegemeza begani. Akanyanyua mikono kama mtu aliyemaliza kutawadha.

Mwanangu, nilisimama pale kama nimepigwa na radi. Kitu kilichotuhamisha mtaa mzima, kilichomfanya mama aache sufuria jikoni na kukimbia, kilikuwa kimelala juu ya kitambaa na ningeweza kukibeba ndani ya shati.

"Hiki tu?" nikauliza.

"Hicho tu," akasema Mzee Mbwana. "Kilichobaki ni mtu."

Nikakubali kazi. Sikumwambia mtu sababu, lakini wewe nakwambia: nilitaka kukaa karibu na kile kitu mpaka kiache kuniogopesha. Haikutokea hivyo hasa. Hofu ilikwenda, lakini mahali pake pakakaa kitu kingine, heshima fulani yenye baridi, na hiyo haijaondoka hata leo.

Mzee alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kuikosa. Bunduki ikiingia dukani, aliifungua, akatazama ndani, akatia kidole kidogo kupapasa kama kuna risasi, kisha akampa mwenzake naye atazame na apapase vilevile. Mwenzake alitakiwa kusema kwa sauti: "Tupu." Hata kama Mzee mwenyewe ameshaona. Hata kama ile bunduki imetoka kwenye sefu sasa hivi. Jicho moja, alisema, huona linachotaka.

Basi Jumanne ile ikafika.

Aliingia dada mmoja akiwa amelowa mabega, bunduki ndani ya mfuko wake mrefu, na boksi jipya kwapani. Jina lake Thandeka. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la wanyama kaskazini ya mji, akiwatembeza wageni kwa miguu porini. Yeye hutangulia, wageni hufuata, na bunduki ni ya siku ambayo mnyama atakataa kupishana nao. Bunduki ilikuwa mali ya shamba, na kibali chake Mzee alikisoma kwanza kabla ya salamu kwisha. Walizungumza Kizulu na Kiingereza vilivyochanganyika, na Kizulu cha Mzee kilikuwa na lafudhi ya Tanga. Nayaweka hapa maneno yao kwa Kiswahili.

"Baba, nifungie hii darubini," akasema Thandeka, akaweka lile boksi juu ya meza. "Jumamosi nina mtihani wa kulenga. Wa mwisho."

"Kwa nini wa mwisho?"

"Kwa sababu nimeshaanguka mara mbili. Nikianguka tena, nitarudishwa jikoni kambini, kukaanga mayai ya wageni. Mkufunzi anasema mkono wangu unatetemeka. Anasema mikono ya wanawake ndivyo ilivyo." Akacheka, lakini alicheka peke yake. "Eish, labda ni kweli. Siku hizi hata nikishika kikombe nautazama mkono."

Mzee hakuligusa boksi. Aliichukua bunduki, akaifungua, akatazama, akapapasa, akanipa. Nikatazama, nikapapasa.

"Tupu, Mzee."

Hapo ndipo nilipoiona vizuri. Ilizaliwa bunduki ya jeshi, namba zake za kiwandani bado zilisomeka kwenye chuma. Lakini fundi mmoja huko Ulaya alikuwa ameivua mavazi ya askari na kuivalisha mti mpya, mti wa rangi ya kahawa iliyokolea, wenye mistari inayokwenda kama maji ya mto unaogawanyika. Na jinsi ulivyokaa! Mtutu ulikuwa umelala ndani ya mti kama mtoto mgongoni mwa mama yake. Kiungo chote, tangu mwanzo hadi ncha, hapakuwa na nafasi ya kupita unywele. Nilimkumbuka baba. Nilisema moyoni, huyu fundi angemwagiwa maji, yangebaki juu.

"Binti yangu," Mzee alikuwa akiuliza, "risasi zako za kwanza huenda wapi?"

"Katikati."

"Zote?"

"Za mwanzo, ndiyo. Halafu zinaanza kuhama."

"Kwenda wapi?"

"Kulia. Kila mara kulia."

"Na ukipumzika, ukanywa chai, ukarudi?"

Nilimwona Thandeka akirudi nyuma kichwani, akitafuta. "Zinarudi katikati," akasema polepole. "Kisha zinahama tena."

"Wakati wa baridi je?"

"Wakati wa baridi sikukosa hata zoezi moja. Ilianza mvua zilipoanza."

Mimi, kijana mwenye kujua, nikaingilia kwa Kiswahili, nikijua dada hasikii. "Mzee, hii bunduki haina neno. Tazama mti ulivyokaa! Hapa shida ni mkono wa huyu dada tu, tumufungie darubini yake aende."

Thandeka akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema mti ni mzuri," akajibu Mzee Mbwana, bila kunitazama.

Kisha akamrudishia boksi lake. "Hii kaa nayo. Miwani haimponyi mwenye homa. Bunduki niachie mpaka Ijumaa."

"Ijumaa! Baba, mtihani ni Jumamosi!"

"Ndiyo sababu nimesema Ijumaa. Ningesema Jumatatu ungenipiga."

Safari hii alicheka kweli. "Eish, Mkhulu," akasema, akimwita babu, akatoka mvuani na boksi lake kwapani.

Mlango ulipofungwa, Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Nilijua kuna jambo linakuja.

"Kijana, umeipima bunduki?"

"Hapana, Mzee."

"Umeupima mkono wake?"

"Hapana."

"Sasa umepima nini?"

Niliinamisha macho kwenye viatu vyangu vinavyong'aa.

"Umepima sura yake na uzuri wa mti," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Yule binti amekuja hapa na vitu viwili vibovu, bunduki na moyo. Bunduki imeharibiwa na mvua. Moyo umeharibiwa na mtu mwenye ulimi kama wako. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Angekisikia Kiswahili, leo tungekuwa tumemmaliza hapa hapa dukani, mimi na wewe, na leseni yangu ikiwa ukutani."

Nimekaripiwa mara nyingi maishani, mwanangu, na wengi walionikaripia nimewasahau. Hiyo bado naisikia. Hasa kwa sababu alikuwa amenisitiri kwanza.

Akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akachana ukanda mwembamba wa karatasi. Akaibana bunduki kwenye jiliwa, ile ya kushikia vitu mezani, akiwa ameizungushia kitambaa isichubuke. "Amesema zinakwenda kulia," akasema. "Basi kuna kitu kinasukuma kutoka kushoto, na kinasukuma chuma kikipata moto. Sijatazama bado. Shika karatasi."

Akanielekeza niuingize ule ukanda chini ya mtutu kwenye ncha, kati ya chuma na mti, kisha niuvute kurudi nyuma. Uliingia kwa shida. Nikauvuta. Ukasogea kidogo, ukasogea tena, kisha ukasimama. Nikavuta zaidi, karatasi ikachanika.

Ilikuwa imekwama upande wa kushoto.

Nilimtazama yule mzee. Alikuwa ameketi kwenye stuli yake akimenya chungwa. Hakuwa ameigusa ile sehemu, hakuwa ameitupia hata jicho. Alikuwa amesikiliza tu maneno ya dada mmoja aliyelowa, akaona ndani ya mti.

"Mti huu," akasema, "ulikatwa kabla mimi sijazaliwa, huko kwenye theluji. Fundi aliuchonga, akaukausha, akaubana vizuri kabisa. Ukapandishwa meli. Wakati wa baridi ya hapa, hewa imekauka, ukanyauka kidogo, bunduki ikalenga. Mvua zikaja. Mti ukakumbuka kwamba ni mti, ukanywa. Ukavimba. Sasa chuma kikiwa baridi wanagusana tu kama watu kwenye foleni. Kikipata moto, chuma nacho kinataka nafasi, na nafasi haipo. Ndipo kinapinda. Kupinda kwenyewe huwezi kukuona kwa macho, lakini kule mbali kwenye shabaha, ukubwa wa mkono."

Nikauweka mkono wangu juu ya ule mti. Ulikuwa baridi na laini. Nje radi ilipiga upande wa Bedfordview, na mvua ikashuka kwa nguvu juu ya bati. Nami niliona, wallahi niliona, kwamba chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu kilichokatwa zamani hizo na bado kinaisikia mvua ya Johannesburg.

"Haya," akasema Mzee. "Mkwangue."

"Nani?"

"Mti. Ndani, upande wa kushoto. Mpaka karatasi ipite."

Nikakataa. Ndiyo, mara ya pili katika duka lilelile. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia kuhusu baba na maji yake. Nikamwambia, huyu fundi wa Ulaya amefanya kazi ambayo baba yangu angeivulia kofia, na mimi niitie patasi ili iwe na mwanya? Mwanya ni aibu ya fundi!

Mzee Mbwana aliweka chungwa chini.

"Baba yako alitengeneza vitanda," akasema. "Mungu amrehemu, alisema kweli. Kitanda kazi yake ni kukaa. Je, kitanda kimewahi kupata moto? Kimewahi kutetemeka kama hiki kinavyotetemeka? Nisikilize. Huku nyuma, penye skrubu, chuma na mti lazima vishikane mpaka viwe kitu kimoja. Hapo ukiacha mwanya, nami nitakufukuza kazi, wala baba yako hatakuwa na haja ya kunituma. Lakini huku mbele, mtutu uwe huru. Usiguswe na kitu. Shinani kaza, mbele acha. Ukikaza kote, umeua. Ukiacha kote, umeua vilevile."

Nikauchukua msasa.

Kazi ile hufanywa hivi: unawasha taa ya mafuta, unaupitisha mtutu juu ya moshi mpaka upate masizi mepesi, kisha unaurudisha mahali pake ndani ya mti na kuutoa tena. Penye kugusana, mti hubaki na doa jeusi. "Penye weusi ndipo penye ugomvi," Mzee alikuwa akisema. Unakwangua pale tu, kidogo kuliko unavyofikiri. Unarudisha. Unatoa. Doa linahamia mahali pengine, unalifuata. Nilifanya hivyo Jumanne ile yote iliyobaki, na kila nilipokwangua nilihisi baba amesimama mlangoni.

Jumatano asubuhi karatasi ikapita. Nikafurahi, nikaita. Mzee akaja, akaivuta mara moja, akaguna.

"Bunduki itundike karibu na mlango, chini ya jicho langu."

"Kwa nini, Mzee? Si imepita?"

"Imepita asubuhi, jua likiwaka. Ingoje mvua."

Mchana mvua ikanyesha kama kawaida yake. Jioni tukavuta karatasi, ikakwama. Mti ulikuwa umekunywa tena. Hapo, mwanangu, sikubisha. Nikacheka tu, kicheko cha mtu aliyeshindwa na kitu kikubwa kuliko yeye, nikawasha taa yangu ya masizi. Alhamisi nikakwangua, mvua ikanyesha, karatasi ikapita. Ndipo nikaupaka mti mafuta ndani na nje, tabaka baada ya tabaka, ili usiwe na kiu tena. Mzee akakaza skrubu za nyuma kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amebana pumzi.

Ijumaa alasiri tulikwenda na Thandeka kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kule kwenye vilima vya manjano vya mchanga wa migodi. Njiani, kwenye kila robot, yaani taa ya barabarani, iliyotuwashia nyekundu, aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya usukani. Nilikuwa nimeketi nyuma na nilimwona. Mzee naye alimwona.

Uwanjani Mzee akaifungua bunduki, akatazama, akapapasa, akanipa. "Tupu." Thandeka akalala juu ya mkeka. Mzee akanipa darubini yake ya mkononi, nikasimama pembeni kutazama shabaha.

Risasi za kwanza zikaingia katikati.

"Zile zile," akasema Thandeka. "Za mwanzo huwa hivi."

"Endelea," akasema Mzee.

Akaendelea. Mahali zilipoanza kuhama siku zote, akasita. Nilimwona akiinua kichwa kidogo kutoka kwenye mti, kama mtu anayejua pana shimo njiani ingawa ni giza.

"Baba, sasa ndio zinahama."

"Usiniambie zinakwenda wapi. Piga."

Akapiga. Nikatazama kwenye darubini. Nikafikiri nimekosea, nikafuta kioo, nikatazama tena. Tundu lilikuwa katikati, limegusana na wenzake.

"Piga," akasema Mzee.

Akapiga, na akapiga tena. Hewa juu ya mtutu ilianza kucheza kwa joto, kama barabara ya lami mchana. Chuma kilikuwa kinawaka, na ndani ya ule mwanya mdogo wa karatasi moja kilikuwa kinanyooka, kinatanuka, kinatetemeka, kinafanya kila ambacho chuma chenye moto hutaka kufanya, na hakikugusa kitu. Na kule mbali matundu yalikuwa yanaingia mahali pamoja, kimya kimya, kama ndege wanaorudi kwenye kiota kimoja. Nimeona makanisa makubwa, mwanangu, nimeona majengo ya mji huu yakiguswa na radi, lakini sijaona kitu kilichoninyamazisha kama ile karatasi yenye tundu moja.

Risasi zikaisha. Thandeka hakuinuka.

"Niambie," akasema, uso bado umelala kwenye mti. "Zimekwenda kulia?"

Mzee alinitazama. Alitaka niseme mimi. Nilielewa kwa nini, nikaona aibu, na nikasema kwa Kizulu changu kibovu ili asihitaji mkalimani: "Hazijakwenda popote, dada. Zote ziko katikati."

Aliinuka polepole. Akaiweka bunduki chini, akaifungua kama inavyopasa. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya macho, vidole vimetanuka, akautazama. Ulikuwa umetulia kama ukuta.

"Kumbe si mkono wangu," akasema.

Akarudia. "Kumbe si mkono wangu." Akaketi palepale kwenye mkeka, akalia. Mzee Mbwana akageuka kutazama mawingu, kwa maana mtu mzima akilia, jirani mwema hutafuta kitu kingine cha kutazama.

Jumamosi simu ya duka ililia. Mzee alisikiliza, akaweka chini. "Amesemaje?" nikauliza. "Amesema 'Sharp, Mkhulu,' yaani mambo safi," akajibu, "halafu wenzake wakampokonya simu kwa kelele za shangwe." Akarudi kwenye chungwa lake. Lakini nilimwona anavyolimenya, na nilijua.

Mzee Mbwana alishatangulia mbele ya haki. Tulimzika hapa hapa, Mtanga katika udongo mwekundu wa Johannesburg, na Thandeka alikuja, akasimama upande wa wanawake amejitanda leso. Mimi niliendelea na kazi ya mti mpaka macho yakachoka.

Sasa nisikie, mwanangu, kwa kuwa sikukuita hapa nikufundishe bunduki. Bunduki waachie wenye leseni na wenye hofu ya Mungu.

Utaingia kwenye ndoa. Utazaa katika mji huu ambao si wa baba zako, na mtoto wako atakujibu kwa Kizulu swali ulilomuuliza kwa Kiswahili. Binti yangu Furaha alinifanyia hivyo akiwa mdogo, mezani, mbele ya wageni. Damu ilinipanda. Nikaanza kumbana: hakuna Kizulu ndani ya nyumba hii, hakuna marafiki wale, hakuna hiki, hakuna kile. Nikambana kote, kama fundi hodari. Akaanza kuhama. Mwanzoni mwa siku alikuwa mtoto mzuri, jioni simwelewi. Mama yake hakunigombeza. Alichana ukanda wa karatasi kutoka kwenye gazeti, akaniwekea kando ya sahani. Basi. Alikuwa ameisikia hadithi hii mara nyingi.

Nikatafuta shina. Kusali pamoja, kusema kweli, kumwamkia mkubwa, kujua kwetu ni wapi na kwa nini tulitoka. Hapo nimekaza, na sijalegeza mpaka leo. Mbele nimemwachia. Leo ananipigia simu kila Jumapili, na Kiswahili chake kina matundu kama wavu, lakini anakileta mwenyewe.

Kwa hiyo umpendaye, mshike pale penye skrubu, na mbele muache apumue. Usiridhike karatasi ikipita siku ya jua. Ingoje mvua, ndipo ujue. Na ukimwona mtu anakosa, usikimbilie kusema mkono wake ni mbovu. Muulize kwanza: za mwanzo zilikwenda wapi? Zilianza lini kuhama? Wengi wanaotembea mji huu wakiitazama mikono yao hawana ugonjwa wowote. Wamebanwa tu mahali, na hakuna aliyepitisha karatasi.

Nenda salama. Mungu akukaze shinani na akufungulie mbele. Akupe mtu wa kukusitiri kabla ya kukukaripia. Na siku ya moto itakapokufikia, maana itakufikia, nafasi iwepo ya kunyooka, usipinde, na uliloelekezwa ulifikie.